Futa Kwanza, Tia Mafuta Baadaye

Tuseme ni saa nane ya usiku. Mtoto wako ana homa kali. Anatetemeka, na hawezi tena kushika kikombe cha maji. Zahanati iko kilometa 12 kutoka nyumbani. Unaitoa baiskeli ndani. Mama anampakata mtoto na kukaa juu ya keria. Mnaanza safari gizani.

Njia ni ya mchanga. Baada ya kilometa 3 mnyororo unaanza kulia. Unaruka meno mara moja, mara mbili. Halafu unakatika. Sasa kilometa 9 zilizobaki ni za miguu. Mama anambeba mtoto mgongoni. Wewe unasukuma baiskeli ambayo haina kazi tena.

Je, mnyororo ule ulikatika kwa bahati mbaya? Hapana. Ulikuwa unalika kidogo kidogo, kila siku, kwa miezi mingi. Na pengine wewe mwenyewe ulikuwa unausaidia kulika, kila ulipotia oili juu ya mchanga.

Makala hii inaeleza jinsi ya kutunza baiskeli inayopita kwenye mchanga kila siku. Kazi yenyewe si ngumu, wala haihitaji vyombo vingi. Lakini ina utaratibu wake, na utaratibu huo ukipinduliwa, utunzaji unageuka kuwa uharibifu.

NJIA YA WAPAGAZI

Wewe unayeishi Tabora, Uyui, Sikonge, Nzega, Urambo au Kaliua unaishi katika nchi ya njia maarufu ya misafara. Katika karne ya 19 njia hiyo ilianzia pwani, hasa Bagamoyo. Ilipita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora leo. Kutoka hapo tawi moja lilikwenda Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Tawi jingine lilikwenda kaskazini, Karagwe mpaka Buganda.

Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Ilipitisha pia watu waliofanywa watumwa. Na karibu mizigo yote ilibebwa na binadamu. Wapagazi wa Kinyamwezi walijulikana sana kwa kazi hiyo. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi begani au kichwani, kwa wiki nyingi.

Safari zilikuwa ndefu. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka pwani mwezi wa Juni. Walifika Tabora mwezi wa Novemba.

Labda utauliza: Kwa nini hawakutumia magurudumu? Wengine walijaribu. Mwaka 1877 wamisionari wa Kiingereza wa shirika la London Missionary Society walitoka pwani na magari ya kukokotwa na maksai. Nia yao ilikuwa kufika Ujiji. Lakini mbung'o, yaani ndorobo, waliwauma maksai, na maksai wengi wakafa. Magari yalikwama njiani. Mwisho wamisionari wakayaacha magari, wakatafuta wapagazi. Walifika Ujiji mwaka 1878.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Lakini reli haifiki kila kijiji. Kati ya stesheni na shamba, kati ya nyumba na kisima, kati ya mzinga na soko, bado kuna njia nyembamba ya mchanga. Hapo ndipo baiskeli ilipochukua kazi ya mpagazi. Mtu mwenye nguvu akiisukuma baiskeli vizuri, anaweza kupeleka gunia la kilo 90. Hiyo ni mizigo ya wapagazi watatu.

Kwa hiyo baiskeli ni mpagazi wa nyumba yako. Inabeba asali, tumbaku, mahindi, mkaa na maji. Inabeba mgonjwa pia. Mpagazi huyu hali ugali, lakini anahitaji kutunzwa.

MCHANGA NI NINI?

Sehemu nyingi za Tabora zina udongo wa mchanga. Wasukuma, ambao wengi wamehamia mkoa huu, huuita udongo huo luseni. Mchanga huo umetoka katika miamba ya matale, ile miamba mikubwa ya kijivu unayoiona ikisimama porini. Miamba hiyo imepasuka kwa jua na mvua kwa miaka mingi sana. Sehemu laini zimekuwa udongo. Sehemu ngumu zimebaki kuwa punje za mchanga.

Punje hizo ni ngumu sana. Usikubali kwa maneno tu. Fanya jaribio hili:

Tafuta chupa tupu ya kioo, ile usiyoihitaji tena. Weka mchanga mkavu kidogo juu yake. Sugua kwa kitambaa kinene mara 20. Futa mchanga, kisha tazama kioo kwenye mwanga. Utaona mikwaruzo mingi midogo.

Sasa chukua msumari, ujaribu kukwaruza chupa hiyo hiyo. Utaona msumari unateleza tu, au unaacha alama hafifu. Basi umejifunza jambo kubwa. Mchanga unakwaruza kioo kuliko msumari unavyoweza. Punje ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha mnyororo wako.

Seremala anaujua ukweli huu. Anaposugua meza kwa msasa, punje ngumu zilizobandikwa kwenye karatasi zinakula mbao. Mchanga ukiingia ndani ya mnyororo, unafanya kazi ile ile. Unaula mnyororo.

MAFUTA YANAPOKUWA MSASA

Tusikilize mazungumzo haya ya mfano, kati ya mzee mmoja na fundi wa baiskeli.

Mzee: Mwangaluka, fundi.

Fundi: Mwangaluka, baba. Karibu kivulini. Habari za safari?

Mzee: Njema, lakini baiskeli imenichosha. Mnyororo niliununua baada ya mavuno. Mavuno mengine hayajafika, nao umekwisha.

Fundi: Pole, baba. Unautunzaje?

Mzee: Vizuri sana, mwanangu. Kila asubuhi naumwagia oili. Mnyororo wangu haujakauka hata siku moja.

Fundi: Oili gani, baba?

Mzee: Oili nyeusi, ile inayotolewa kwenye mashine ya kusaga. Naipata bure.

Fundi: Na kabla ya kumwaga oili, unaufuta mnyororo?

Mzee: Niufute wa nini, na mimi nautia mafuta?

Fundi: Hebu gusa mnyororo, baba. Sasa sugua kidole gumba na kidole cha pili. Unasikia nini?

Mzee: Nasikia mchanga.

Fundi: Huo ndio uliokula mnyororo wako. Oili yako inaushika mchanga na kuuingiza ndani. Kila ukikanyaga pedeli, unapiga msasa.

Ndugu msomaji, mzee huyu si mvivu. Anafanya kazi kila asubuhi. Anaipenda baiskeli yake. Kosa lake ni moja tu: anatia mafuta kabla ya kufuta.

Mnyororo una mamia ya vipande vidogo vinavyozunguka. Mafuta yanatakiwa ndani, mahali pini inapozunguka. Mafuta yaliyobaki nje hayana kazi. Yanaita vumbi tu. Vumbi na mafuta vikichanganyika vinakuwa uji mweusi. Uji huo ndio unaokula chuma.

Oili nyeusi iliyokwisha tumika kwenye injini ni mbaya zaidi. Ina uchafu na chembe za chuma ndani yake. Pia inadhuru ngozi ukiishika kila siku. Mafuta ya kula nayo hayafai. Yanakauka na kuwa kama gundi.

Lakini usiseme, "Basi nitauacha mnyororo mkavu." Mnyororo mkavu kabisa unalia, unapata kutu, na unalika pia. Dawa ni hii: futa kwanza, tia mafuta kidogo baadaye, kisha futa tena.

KAZI YA KILA JIONI

Kazi hii inachukua dakika tano. Ifanye kabla ya giza, mara urudipo. Unahitaji kitambaa kikavu na mswaki wa zamani.

1. Pigapiga matairi na madigadi kwa mkono ili mchanga uanguke.

2. Geuza baiskeli, isimame juu ya kiti na usukani. Weka gunia chini ili kiti kisichafuke.

3. Shika mnyororo kwa kitambaa kikavu. Zungusha pedeli kinyumenyume kwa mkono wa pili. Mnyororo upite ndani ya kitambaa mizunguko mitatu au minne. Angalia vidole visiingie kwenye meno.

4. Sugua kwa mswaki mkavu kati ya meno ya mbele na meno ya nyuma.

5. Tazama mipira ya breki. Punje za mchanga zikikwama kwenye mpira, zinaula rimu kila unapofunga breki. Zitoe kwa ncha ya kisu.

6. Tazama matairi. Ng'oa miiba sasa, kabla haijafika kwenye mpira wa ndani.

Usitie mafuta jioni hii. Kazi ya kila jioni ni kufuta tu.

KAZI YA KILA WIKI

Chagua siku moja ya juma. Baada ya kufuta mnyororo kama kawaida, ndipo utie mafuta.

Tumia oili nyepesi na safi, kama ile ya cherehani. Tia tone moja tu juu ya kila pini, upande wa ndani wa mnyororo. Zungusha pedeli kwa muda wa dakika moja. Acha baiskeli ipumzike, hata usiku mzima, ili mafuta yaingie ndani. Asubuhi futa mnyororo kwa nguvu, mpaka nje yake iwe karibu kavu. Ukiugusa, kidole kisiwe cheusi sana.

Siku hiyo kaza pia nati zote: za magurudumu, za keria, za kiti na za usukani. Gonga njiti za magurudumu kwa kidole. Njiti iliyolegea haitoi sauti kama wenzake. Ipeleke kwa fundi ikazwe, kwa sababu njiti moja ikilegea, nyingine zinabeba mzigo wake.

Angalia kuning'inia kwa mnyororo. Usukume juu na chini kwa kidole katikati ya meno ya mbele na ya nyuma. Uchezecheze kiasi cha sentimeta 1 mpaka 2. Ukikazwa mno, unaumiza gololi. Ukilegea mno, unatoka njiani.

KAZI YA KILA MIEZI MITATU

Ndani ya kila gurudumu, na ndani ya ekseli ya pedeli, kuna gololi. Ni vijipira vidogo vya chuma. Gololi zinazunguka ndani ya grisi. Mchanga ukiingia humo, huwezi kuuona. Lakini unaweza kuusikia. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, weka sikio karibu na kiti. Gurudumu zima linazunguka kimya. Gurudumu lenye mchanga linanguruma kama jiwe la kusagia.

Baiskeli inayopita mchangani kila siku inafaa kufunguliwa mara moja kila miezi mitatu hivi. Ifungue pia mara baada ya kuivusha kwenye maji yaliyofika katikati ya gurudumu. Kama hujui kazi hii, ifanye mara ya kwanza pamoja na fundi.

Tandika kitambaa cheupe chini. Fungua upande mmoja kwanza. Hesabu gololi zinazotoka, uandike namba. Katika baiskeli nyingi za kawaida, gurudumu la mbele lina gololi ndogo 10 kila upande. Gurudumu la nyuma lina gololi kubwa zaidi, 9 kila upande. Ekseli ya pedeli ina 11 kila upande. Hesabu za kwako mwenyewe, kwa sababu baiskeli hazifanani zote. Usichanganye gololi za pande mbili.

Osha gololi katika mafuta ya taa kidogo. Nusu kikombe kinatosha. Futa grisi yote ya zamani, hata kama inaonekana bado nyingi. Watu wengi wanaongeza grisi mpya juu ya grisi yenye mchanga. Hilo ni kosa lile lile la mzee wetu.

Gololi nzima inang'aa kama kioo. Gololi yenye madoa au vishimo imekwisha. Ikiwa moja imekwisha, badilisha zote za upande huo. Halafu paka grisi mpya na safi, panga gololi, na funga. Gurudumu lizunguke bila kuyumba wala kukaza. Ukiliacha bila kuligusa, upande wenye vali uzunguke na kushuka chini wenyewe, kwa uzito wake.

Jihadhari na mafuta ya taa. Usioshee karibu na moto wala usivute sigara. Usiyaweke katika chupa ya soda, maana mtoto atadhani ni kinywaji na kuyanywa. Usiyamwage karibu na kisima. Yaache yatulie katika kopo lenye kifuniko. Kesho yake mchanga utakuwa umezama chini, na mafuta ya juu yatafaa kuoshea tena.

PIMA MNYORORO WAKO

Mnyororo unaolika unakuwa mrefu. Siyo kwamba chuma kinavutika. Kila pini na tundu lake vinapungua kidogo, na nafasi hizo ndogo zikijumlishwa zinauongeza urefu. Wewe unayejua sasa kusoma namba unaweza kuupima kwa rula ya shule.

Uvute mnyororo unyooke. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja. Hesabu pini 20 kutoka hapo. Ukiwa mpya, pini ya 20 iko kwenye sentimeta 25 na milimeta 4. Ukiona imefika sentimeta 25 na milimeta 7, mnyororo umekwisha. Ubadilishe.

Kwa nini usingoje mpaka ukatike? Kwa sababu mnyororo mrefu hauingii sawasawa kwenye meno. Unayala meno ya mbele na ya nyuma mpaka yanakuwa makali kama meno ya papa. Hapo mnyororo mpya hautakaa juu yake. Ukiubadilisha mapema, unanunua kitu kimoja. Ukingoja, unanunua vitu vitatu.

NAMNA YA KUPITA MCHANGANI

Utunzaji unaanza ukiwa njiani.

Ukiona mchanga mwingi mbele, punguza mwendo mapema. Shika usukani kwa utulivu, usiukunje ghafula. Kanyaga pedeli kwa mwendo ule ule. Baiskeli ikianza kuzama, shuka na usukume. Ukisimama juu ya pedeli na kukanyaga kwa nguvu zote, mnyororo unavutwa mno, na tairi linachimba tu.

Watu wengine hupunguza upepo ili tairi litanuke na lisizame. Ni kweli, jambo hilo husaidia kama huna mzigo. Lakini ukiwa na gunia nyuma, rimu itagonga jiwe au mzizi na kukata mpira wa ndani. Ukipunguza upepo, beba pampu, ujaze tena mara ufikapo njia ngumu.

Kipo kitu kingine rahisi. Kata kipande cha mpira wa tairi kuukuu, upana wa kiganja. Kifunge chini ya madigadi ya mbele, kining'inie karibu na ardhi. Tairi la mbele ndilo linalorusha mchanga kwenye mnyororo na kwenye ekseli ya pedeli. Kipande hicho kinauzuia.

MCHANGA WA PWANI

Tulisema kwamba njia ya misafara ilianzia Bagamoyo. Huko pwani nako watu hupanda baiskeli mchangani. Maji yakipwa, mchanga uliolowa unakuwa mgumu kama sakafu, nao watu hupita juu yake.

Lakini mchanga wa pwani una adui wa pili, yaani chumvi. Chumvi inavuta unyevu hewani na kuleta kutu haraka. Kwa hiyo mtu wa pwani anaosha baiskeli yake kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, anaikausha kabisa, halafu ndipo anaipaka mafuta. Sisi wa Tabora wakati wa kiangazi hatuna haja ya kumwaga maji. Mchanga wetu ni mkavu, na kitambaa kikavu kinautoa. Maji yanaweza kuusukuma ndani zaidi. Wakati wa masika, tope likishika, osha kwa maji kidogo na kausha siku ile ile.

Ukimtembelea ndugu yako aliyeko pwani na baiskeli yako, fuata utaratibu wa huko.

KAMA UNA PIKIPIKI

Siku hizi vijana wengi wana pikipiki. Mnyororo wake unafuata kanuni ile ile: futa kwanza. Lakini pikipiki ina pua, na hilo ni jambo la kuangalia sana.

Injini inavuta hewa kama mtu anavyovuta pumzi. Hewa hiyo inapita kwenye chujio. Chujio likijaa vumbi, pikipiki inakosa nguvu na inakula petroli nyingi. Chujio likitoboka, au ukilitoa ili "ipumue vizuri", mchanga unaingia ndani ya injini na kuila. Dalili zake ni moshi wa rangi ya samawati na oili inayopungua upesi. Hapo gharama ni kubwa.

Fungua chujio kila wiki wakati wa kiangazi. Kama ni la sponji, lioshe kwa maji ya sabuni, likaushe kivulini, litie oili safi kidogo, na ulikamue. Kama ni la karatasi, usilioshe wala usilitie oili. Ligonge polepole ili vumbi lianguke, na ukiona limekuwa jeusi au limechanika, nunua jipya. Usioshe chujio kwa petroli.

TUSAIDIANE KIJIJINI

Si kila mtu anaweza kununua pampu, spana za namna zote na kopo la grisi. Lakini watu 10 wanaweza kununua pamoja. Kikundi chenu cha kusoma, au chama chenu cha wafuga nyuki au wakulima wa tumbaku, kinaweza kuwa na sanduku moja la vyombo. Mchague mtu mwaminifu alitunze. Kila anayeazima chombo aandike jina lake na tarehe kwenye daftari. Hiyo pia ni kazi nzuri ya kutumia elimu mliyoipata.

Wafundisheni kina mama na watoto kazi hii. Mara nyingi mama na watoto ndio wanaokwenda kisimani na baiskeli, lakini baba peke yake ndiye anayejua mahali kitambaa kilipo. Kila anayeipanda baiskeli ajue kuifuta.

Sasa tumrudie yule mtoto mwenye homa. Tuseme baba yake alifuta mnyororo kila jioni. Tuseme aliupima kwa rula, akaona umefika sentimeta 25 na milimeta 7, akaubadilisha baada ya kuuza asali. Usiku ule mchanga uko pale pale, giza liko pale pale, na kilometa ni zile zile 12. Lakini baiskeli inakwenda kimya mpaka kwenye mlango wa zahanati.

Jioni ya leo, kabla ya kula, chukua kitambaa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini wamisionari wa mwaka 1877 waliyaacha magari yao njiani?

2. Fanyeni jaribio la chupa na mchanga. Mmeona nini?

3. Mzee katika mazungumzo alitia oili kila asubuhi. Kosa lake lilikuwa nini?

4. Pima mnyororo wa baiskeli yako. Pini 20 zina urefu gani? Andika namba hiyo na tarehe ya leo. Pima tena baada ya miezi mitatu.

5. Kikundi chenu kinaweza kununua vyombo gani kwa pamoja? Nani atavitunza?

MANENO YA KUKUMBUKA

Gololi: vijipira vya chuma vinavyozunguka ndani ya gurudumu.

Grisi: mafuta mazito yanayopakwa kwenye gololi.

Kulika: kupungua kidogo kidogo kwa kusuguliwa.

Matale: mawe magumu ya kijivu, ambayo kwayo unatokea mchanga.

Chujio: kifaa kinachozuia vumbi lisiingie pamoja na hewa.